Airport hadi Posta ni kilomita 12 tu, basi la uwanja liko wapi?

Wakuu, Terminal 3 ya JNIA, uwanja wa ndege wa Julius Nyerere hapa Dar, imefunguliwa 2019, inang'aa kweli. Sasa mtoe abiria mlangoni umfikishe Posta, katikati ya mji, bila taksi. Ukitoka nje unapokelewa na "taksi, bosi, taksi", na ukiuliza daladala unaapiwa hakuna.

Zipo! Zinapita Barabara ya Nyerere alfajiri hadi usiku, nauli haifiki 1,000. Kinachokosekana ni kipande cha kutoka terminal hadi barabarani. Terminal 2 unakwenda kwa miguu. Terminal 3, na begi la kilo 23 na jua la saa 8 mchana, utachukua boda au bajaji mpaka kituoni, yaani ushalipa mara mbili kabla hujapanda.

Kituoni kuna mtego. Kibao cha mbele kinasoma G/Mboto–Posta (yaani Gongo la Mboto–Posta) iwe gari linakwenda au linarudi. Simama upande wa magari yanayotoka Banana kwenda mjini, si yanayotoka TAZARA, na sikiliza konda anaita wapi. Akiita Kariakoo na wewe unakwenda Posta, liache.

Asubuhi saa 12 hadi saa 3 usihangaike. Gari linajaa huko huko Gongo la Mboto, likifika Airport watu wako mlangoni wananing'inia. Jioni ndiyo siti za kwenda mjini zinapatikana. Begi nalo: daladala haina buti, kwa hiyo litakaa pembeni ya dereva au mapajani kwako, na konda atadai nauli ya siti ya pili. Mpe yaishe. Hajakosea sana, aliyekosea ni aliyedhani anayepanda ndege hapandi basi.

Kinachokera zaidi ni SGR, treni ya reli mpya ya umeme. Inabeba abiria tangu Juni 2024, na ukitoka mjini kituo cha kwanza ni Pugu. Uwanja wa ndege umerukwa! Mtu ametua, anakwenda Morogoro, anaburuzwa kwenye foleni hadi Stesheni ya mjini, halafu treni inamrudisha upande ule ule alikotoka. Anayeijua njia anakwenda kudaka treni ya kawaida Pugu, maana ya haraka haisimami hapo.

Na asije mtu hapa kuniambia nisubiri mabasi ya mwendokasi ya Gongo la Mboto. Nayo ni ya Barabara ya Nyerere. Kutoka Terminal 3 hadi kituoni nani atanibebea begi?