Mmesafisha mto au mmeuua? Trauti wetu watazaa wapi sasa?

Wakuu, heshima mbele. Leo nina hasira, mnivumilie.

Huku juu ya Moshi, jirani na msitu wa Kilimanjaro, kuna kijito chenye trauti wa porini. Siyo wale wa bwawani wa kumwagiwa chakula. Hawa wanazaliana wenyewe, uzao wa samaki waliopandikizwa na wakoloni kwenye mito ya baridi ya Kilimanjaro na Meru. Jina la kijito sitaji, nawajua, kesho mtakuja na vyandarua.

Basi juzi kikaletwa kijiko, lile tingatinga la kuchimbia. Eti mradi wa kusafisha mto ili kuzuia mafuriko. Mawe makubwa yote yameng'olewa na kupakiwa kwenye Fuso (yamekwenda wapi, na hela kala nani?). Magogo yametolewa, mikuyu imeangushwa, matete yamefyekwa mpaka udongo mtupu, na kona zote zimenyooshwa. Mto umekuwa mtaro wa barabarani. Na kiongozi mmoja akasimama pale na buti lake jipya, akapigwa picha, akatuambia tushukuru.

Tushukuru nini? Trauti ni samaki wa baridi. Maji yakivuka nyuzijoto 20 hivi anaanza kuhangaika, yakikaribia 25 ndio basi tena, kwa sababu maji yakipata joto oksijeni inapungua. Ile mikuyu mliyoiona ni uchafu ndiyo iliyokuwa inampa kivuli, na mizizi yake ndiyo iliyoshika ukingo. Yale mawe nayo hayakuwa hapo kwa bahati mbaya. Samaki anakaa nyuma ya jiwe, pale kasi ya maji inapopungua, kichwa kakielekeza yanakotoka maji, anasubiri wadudu waletwe na mkondo. Mkiondoa jiwe, akae wapi? Apambane na mkondo kutwa nzima mpaka achoke?

Kinachoniuma zaidi ni mayai. Jike hutafuta changarawe safi, analala ubavu, anapiga mkia mpaka panatoka kishimo, anataga, halafu anafukia. Mayai yanakaa humo chini kwa wiki kadhaa, yakiishi kwa maji yanayopenya katikati ya vijiwe. Tope likijaa kwenye nafasi hizo, yanakosa hewa yanakufa yote. Sasa nenda kaangalie chini ya pale kijiko kilipopita. Nilipindua jiwe ambalo kwa kawaida ungekuta viluwiluwi wa wadudu wameling'ang'ania, wengine na vijumba vyao vya chembe za mchanga. Safari hii ni tope laini la kahawia, limeganda upande wa chini wote, na kidudu kimoja kimekufa kikiwa bado kimeshika.

Na hayo mafuriko mnayosema mnazuia, mto ulionyooka unakimbiza maji. Kona, magogo na mawe ndivyo vinavyoyapunguza kasi. Ndugu zetu wa tambarare, masika ikifika mtayapokea yote kwa mpigo.

Halafu sheria! Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zozote za kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Bibi mmoja jirani yangu alitimuliwa na magimbi yake kwa kifungu hichohicho. Magimbi! Kijiko chenye minyororo kikaingia katikati ya maji, hakuna aliyekohoa.

Najua atatokea mjuaji aseme trauti ni mgeni, acha afe. Ni mgeni kweli, na mtu akitaka kumpeleka kwenye kijito ambacho hayupo nitampinga mimi wa kwanza, maana anakula vyura na visamaki vya asili. Lakini maji yanayomuua huyu ndiyo hayohayo tunayoyaingiza kwenye mifongo, ile mifereji yetu ya kumwagilia, ndiyo wanayokunywa ng'ombe wetu na sisi wenyewe. Na wale wakulima wa nyanya mnaooshea solo mtoni, yale mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa, msijifiche nyuma ya kijiko, nanyi mmo.

Ninachotaka mimi: mawe yarudishwe, hata nusu yake. Magogo yalazwe na kufungwa kwenye kingo. Mikuyu na matete vipandwe kabla ya masika, ng'ombe wawekewe sehemu moja ya kunywea badala ya kushukia kila mahali, na mfongo usikaushe kijito kiangazi. Wazee walikuwa na zamu zao za maji, zifuatwe. Uvuvi usimame mpaka samaki wazaliane tena.

Na kibali. Nimeuliza ofisi mbili, kila moja inanielekeza kwa mwenzake. Kuna mtu humu amekiona hicho kibali kwa macho? Kimesainiwa na nani, na mawe yaliandikwa yaende wapi? Dereva wa ile Fuso kama umo humu, njoo inbox, sina ugomvi na wewe.