Naomba ushauri: kupiga picha dirishani kwenye treni ya jangwani Australia

Wakuu, habari za jioni. Nipo Dar, na Mungu akipenda Julai nitapanda Indian Pacific kutoka Perth hadi Sydney, kilomita 4,352. Ninachokitaka zaidi ni picha za Nullarbor, ile tambarare isiyo na miti ambako reli inanyooka kilomita 478 bila kona hata moja.

Madirisha yake hayafunguki, na hapo ndipo penye kazi. Nimefanya mazoezi kwenye SGR ya Dodoma. Nikiigandamiza lenzi kwenye kioo, mtikisiko unaingia kwenye picha; nikiiachia nafasi kidogo tu, taa za ndani zinatokea juu ya milima ya Uluguru. Kwa sasa nafunika kwa kitambaa cheusi, shata (kasi ya kupiga picha) naweka sekunde 1/1000. Ile kingo ya mpira ya kuvisha mbele ya lenzi inasaidia kweli? Kariakoo naweza kuipata?

Halafu upande wa kukaa. Julai jua la kule linapita kaskazini na treni inaelekea mashariki, kwa hiyo naona kulia, jua likiwa mgongoni kwangu, ndiko kutakuwa na mwanga mzuri mchana. Niko sahihi?

Kinachoniumiza kichwa kuliko yote ni ardhi tupu namna ile. Mnaipangaje kwenye fremu? Upeo niushushe chini kabisa, anga lichukue nafasi, au nisubiri kitu kimoja kipite, hata ngamia? Natamani mtu akiiona picha ahisi ule ukubwa.

Lenzi ninayo ya mm 24-70 tu. Inatosha, au niazime ndefu ya kuvuta vitu vya mbali?