First Blood: kitabu cha 1972 au filamu ya 1982? (Tahadhari: mwisho umetajwa humu)

Mkutubi_wa_Moro

Wadau, habari za jioni. Kikundi chetu cha kusoma hapa Morogoro tuko saba, tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na zamu ya kuchagua safari hii imeniangukia mimi. Nimeleta riwaya ya David Morrell, First Blood, ile iliyomzaa Rambo. Ugomvi ukaanzia hapo hapo. Watatu wanasema kitabu cha nini wakati filamu ipo, saa moja na nusu umemaliza. Wawili walifika katikati wakakiweka chini. Mmoja alikesha nacho, akaja kazini macho mekundu. Mimi nimekimaliza jana na bado sijui kama nimekipenda.

Kwa ambao hawajakutana nacho: kijana, Rambo, amerudi kutoka vita vya Vietnam, ndevu na nywele zimemjaa, anaomba lifti pembeni ya mji mdogo wa Madison, Kentucky. Mkuu wa polisi wa mji, Wilfred Teasle, anampakia kwenye gari, anamshusha mpakani, anamwambia aendelee na safari yake. Kijana anarudi. Anashushwa tena. Anarudi tena. Baada ya hapo ni kukimbizana milimani na maiti juu ya maiti.

Nipeleke kipi Jumamosi, kitabu, filamu au vyote? Na mliosoma, mlikuwa upande wa nani?

Kibanda_Umiza

Filamu mkuu, usijichoshe. Sisi Rambo tumemjulia kibanda umiza, kiingilio sarafu moja, mmebanana kwenye benchi kama dagaa, mtafsiri anaongeza maneno ambayo Stallone, aliyemcheza Rambo, hajawahi kuyatamka. Jina lenyewe tuliliingiza kwenye Kiswahili: ukienda dukani bila kikapu unauliza "una rambo?", unapewa mfuko wa plastiki. Mpaka Juni 2019 mifuko ilipopigwa marufuku, na mama yangu bado anaita hivyo hivyo hata mfuko wa kitambaa.

Kitabu nilijaribu. Tatizo langu ni kwamba huyu wa kitabuni simpendi. Chukua tukio la wembe. Kwenye filamu wanataka kumnyoa mahabusu bila sabuni, anaona ule wembe, anakumbuka alivyoteswa utekani, anawapiga ngumi na mateke anatoka. Polisi wote wanabaki hai. Kwenye kitabu anaunyakua wembe wenyewe na kumpasua polisi tumbo, kisha anakimbia uchi juu ya pikipiki. Kijana wa watu aliyepasuliwa alikuwa anatetemeka tu kwa woga! Kuanzia hapo nikawa nasoma huku nataka Rambo akamatwe, sasa raha iko wapi?

Filamu nzima anakufa mtu mmoja, naye anaanguka kutoka kwenye helikopta baada ya Rambo kuirushia jiwe. Huyo ndiye mtu wa kumwonea huruma.

Binti_Chumbageni

Kaka Kibanda, hiyo uliyoiita tatizo mimi naiona ndiyo kazi aliyoifanya mwandishi. Hakuandika ili umpende.

Wengi hawaoni kwamba kitabu kina askari wawili waliorudi kutoka vitani. Teasle naye alipigana, Korea, na ana nishani yake ya ushujaa. Mwandishi anapishanisha: sura hii uko kichwani mwa Rambo, sura inayofuata uko kichwani mwa Teasle. Unamkuta Teasle nyumbani peke yake, mke ameshaondoka zake California, mzee Orval aliyemlea baada ya baba yake kufa wanagombana na kupatana. Halafu unarudi kwa Rambo na njaa yake na baridi yake. Kila ukimchukia mmoja, sura inabadilika unajikuta umekaa ndani yake.

Filamu ilimfanya Teasle kuwa polisi mkorofi wa kawaida. Hapo wametudhulumu. Kitabuni si mkorofi. Mwanzo anamsindikiza yule kijana kwa maneno ya upole kabisa, ila ni mtu asiyekubali kushindwa kwenye mji wake, na mwenzake naye amefukuzwa kwenye miji mingine kabla, ameapa safari hii haondoki. Neno moja tu la Rambo, kwamba mimi nilikuwa huko, nina medali, lingemaliza mambo yote. Halisemi. Kiburi kwa kiburi. Nilikuwa naufokea ukurasa: sema basi!

Inama_254

Wasee, mimi niko katikati na sioni haya kukaa hapo. Kitabu nilikipata kwa wale wauzaji wa inama, wanaopanga vitabu chini, Tom Mboya Street, Nairobi, shilingi mia mbili, jalada limeraruka. Nusu ya kwanza sikulala. Nusu ya pili nikaishia pangoni.

Nieleze kuhusu pango. Rambo amevunjika mbavu, amejificha kwenye mgodi wa zamani, na ili atoke lazima apite penye kinyesi cha popo kimejaa mpaka kinamzamisha, wadudu wanamuuma, popo wanamrukia, hewa ya kuvuta hakuna. Kurasa baada ya kurasa. Rafiki yangu anasema hapo ndipo mahali bora kuliko pote kwenye kitabu, ati ni kama mtu anazaliwa upya. Mimi nilikuwa ndani ya matatu natoka Rongai, nikafunga kitabu nikafungua dirisha. Labda hiyo ni sifa, sijui. Lakini nilikirudia baada ya wiki tatu.

Jambo lingine dogo la kufurahisha: Morrell alisema jina Rambo lilitokana na aina ya tufaha ambalo mkewe alinunua, wakati yeye anasoma mashairi ya Mfaransa Rimbaud, jina linalotamkwa karibu sawa na Rambo. Jina la tunda limeishia kwenye mifuko ya Kibanda.

Mjukuu_wa_Keya

Nimewasoma wote. Nachangia upande ambao haujaguswa.

Baba yangu mdogo alikwenda vita vya Kagera, 1978, akarudi baada ya Amin kuondoka. Nilikuwa mtoto. Mtu mcheshi, mpenda bao. Lakini ilikuwa marufuku kumwamsha kwa kumgusa. Bibi akitutuma tukamwite chakula kiko tayari, tulisimama mlangoni na kanga iliyokunjwa, tukairusha imwangukie miguuni, kisha tukarudi nyuma hatua mbili. Aliamka akiwa ameshasimama. Hakuna aliyetuambia ni kwa nini. Tulidhani watu wazima wote wanaamshwa hivyo.

Kwa hiyo tukio la wembe sikulisoma kama Kibanda alivyolisoma. Mle chumbani, ni kama polisi wanamgusa mtu aliyelala, na mimi nilikuwa natafuta kanga iko wapi.

Morrell aliandika kitabu kabla ya ugonjwa huo wa kiwewe cha vita (PTSD) kuwa na jina rasmi. Madaktari wa Marekani waliuingiza kwenye mwongozo wao wa maradhi ya akili mwaka 1980, miaka minane baada ya riwaya. Yeye alikuwa mwanafunzi mgeni kutoka Kanada, alikuwa darasani na vijana waliotoka Vietnam, akawa anawasikiliza. Hakuna daktari kwenye kitabu kizima anayekuja kutueleza Rambo ana nini. Filamu inaeleza: mwishoni Stallone analia, anasimulia mwenzake aliyelipuliwa Saigon na kisanduku cha kung'arisha viatu. Ni tukio zuri, nililia nami. Ila baba mdogo hakuwahi kusimulia chochote mpaka anazikwa, na Rambo wa kitabuni ndiye anayefanana naye kwa ukimya huo.

Papa_Lexington

Bandugu, muniruhusu nami niseme kidogo. Miye nakaa hapa hapa Kentucky, Lexington. Tuko Wakongo wengi, ukiingia dukani unasikia Kiswahili. Mji wa kwenye kitabu ni wa kubuni, lakini vilima vyake navijua, nikiendesha upande wa mashariki naviona: msitu mzito, mabonde membamba, simu inapoteza mtandao. Filamu ilihamisha hadithi mpaka Jimbo la Washington, na kuipiga picha wakaenda Kanada, British Columbia. Misitu ni mizuri, lakini si hii.

Miye niliondoka Uvira 1996, nikiwa na miaka tisa. Sikuwa askari. Nilikuwa katika wale ambao askari wanapita kwao. Ndiyo maana hiki kitabu nimekisoma vibaya, labda. Ninyi munabishana Rambo ama Teasle. Miye nilikuwa natazama wenye nyumba. Rambo anarudi mjini usiku, analipua vituo vya petroli, anachoma kituo cha polisi na mahakama. Ukurasa unamfuata yeye, ama unamfuata Teasle. Na mama anayelala nyuma ya kile kituo cha petroli? Tunapita mbele yake kwa mbio, hatujui kama alitoka.

Sisemi kitabu ni kibaya. Mwandishi anajua kushika mtu shati. Nasema tu kwamba kila mtu anamwonea huruma mwenye bunduki, kwa sababu ndiye aliyepewa sura.

Binti_Chumbageni

Papa, hilo limenikaa. Nimetetea kitabu hapo juu kwa maneno mengi na huyo mama sikumwona hata kidogo. Nitarudia sehemu ya tatu.

Kibanda_Umiza

Mjukuu, pole sana kwa mzee. Hiyo ya kanga sitaisahau, na wembe nakuachia.

Ila kwenye mwisho sirudi nyuma! Kitabuni Rambo anakufa, anapigwa risasi na Trautman, mkubwa wa shule ile ile iliyomfundisha kuua. Teasle naye anakufa. Umekesha na watu wawili, wote wanazikwa. Filamu yenyewe walikuwa wamepiga picha ya mwisho ambao Rambo anakufa, walipoionyesha kwa watazamaji wa majaribio watu wakachukia, wakaubadilisha. Watazamaji hawakuwa wajinga.

Inama_254

Na Kirk Douglas aliyekuwa acheze Trautman aliacha kazi kwa sababu alitaka Rambo afe kama kitabuni. Akaletwa Richard Crenna. Kwa hiyo ubishi wenu, Kibanda, mastaa walishaufanya kabla yenu.

Kichekesho ni kwamba Rambo angekufa pasingekuwa na filamu ya pili. Morrell mwenyewe alipoandika kitabu cha hiyo ya pili ilibidi aanze kwa kuwaambia wasomaji kwamba katika riwaya yangu huyu alikufa, kwenye filamu yuko hai. Filamu za kuendelea sizizungumzii, huko ni bunduki na misuli tu.

Mjukuu_wa_Keya

Mimi mwisho wa kitabu naukubali kwa sababu moja. Teasle, akiwa anakufa, hamchukii tena yule kijana. Amemfuata usiku kucha mpaka anahisi anapokwenda bila kumwona. Inama, kama uliruka kurasa hapo, rudi.

Inama_254

Sikuruka! Nilisoma haraka.

Mkutubi_wa_Moro

Asanteni wote. Uamuzi: kitabu kwanza, filamu tutaitazama siku hiyo hiyo baada ya mjadala, na swali la Papa la wenye nyumba ndilo nitakalofungulia kikao.

Shida iliyobaki ni nakala. Tuko saba, nakala ni mbili. Moja ilikuwa imeshaachia gundi, kwa hiyo jana nimeikata kwa wembe (ndiyo, wembe, msinicheke) kufuata sehemu zake tatu, nikazibana kwa pini, zinazunguka kwa zamu. Yule aliyekuwa anashikilia filamu kuliko wote ameniomba aanze na sehemu ya tatu. Nimempa ya kwanza.