Tupeane uzoefu: Unaoshaje gari jipya hapa Nairobi bila kuua rangi?

Mkazi wa Donholm

Wadau, habari za jioni. Nyumbani tumepata gari, jeusi, limeshuka Mombasa kutoka Japani. Kwa wengi wetu gari jipya ndilo hilo: limetumika kwa wenzetu, lakini halijazidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Limefika likiwa linang'aa na ningependa libaki hivyo.

Pita kwenye maegesho yoyote ya mtaani saa saba mchana uyaangalie magari meusi. Boneti zimejaa mikwaruzo myembamba ya mviringo kama utando wa buibui. Mengi hayajawahi kugongwa. Yameoshwa tu kila Jumamosi na kupanguswa kila asubuhi. Naamini kabisa kwamba hapa kwetu kinachomaliza rangi ni mkono unaosugua vumbi, hata kabla jua halijaanza kazi yake.

Rangi ya kiwandani ni tabaka juu ya tabaka: ya kuzuia kutu, praima, rangi yenyewe, kisha klia isiyo na rangi. Zote pamoja kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150. Klia peke yake ni kama 40 au 50 hivi, nyembamba kuliko unywele wa kichwani, na ndiyo inayong'aa na kuchuja miale ya jua. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na jirani kabisa na ikweta, kwa hiyo miale hiyo ni mikali hata siku umevaa sweta. Mkwaruzo ukishaingia kwenye klia, polishi huuondoa kwa kuila klia iliyo pembeni mpaka ulingane nayo. Iliyoliwa hairudi.

Naomba kila mtu aseme yaliyompata yeye mwenyewe. Unaosha wapi, kwa nini, na nini kiliharibu au kuokoa rangi yako?

Mama wa Kahawa Sukari

Umegusa penyewe, kaka. Kwetu barabara ni ya udongo mwekundu, na asubuhi gari linakuwa na vumbi utadhani limetoka safari. Mzee wetu wa geti ni mtu mwema sana. Alikuwa akimaliza kufagia anachukua fulana kuukuu, anaikung'uta ukutani, anapangusa magari yote kavukavu ili tuondoke tukiwa nadhifu. Gari langu ni la bluu iliyoiva. Msimu mmoja wa kiangazi ulitosha, upande wa dereva ukafifia, na ukilitazama chini ya taa ya kituo cha mafuta unaona alama za mkono wake zikienda na kurudi.

Sikuweza kumkaripia mtu anayenifanyia hisani. Nilimwita nikamwonyesha zile alama kwa tochi ya simu, akashtuka mwenyewe. Sasa anafanya jambo ninaloliona la maana zaidi: akiona kinyesi cha ndege ananipigia simu kabla hakijakauka. Vumbi tunaliacha palepale mpaka siku ya maji. Vumbi lisiloguswa halikwaruzi.

Abiria wa Mombasa Road

Hapo kwa ndege nami nina neno. Wanaopita karibu na Uwanja wa Nyayo wanawajua wale marabu wakubwa juu ya miti ya miiba. Gari la ofisini kwetu liliegeshwa chini yao wikendi nzima. Jumatatu dereva akaosha vizuri, uchafu ukatoka wote, lakini paa likabaki na mabonde madogo yenye ukungu ambayo hayakutoka kwa sabuni yoyote.

Fundi alitueleza hivi. Kinyesi kina asidi, lakini tatizo haliishii hapo. Mchana klia hupata joto ikalainika na kutanuka, uchafu nao unakauka juu yake. Jioni ikipoa inajikunja ikiufuata ule uchafu, basi alama inabaki na umbo lake. Kwa hiyo saa chache za jua zina madhara kuliko usiku mzima.

Mimi siku hizi natembea na chupa ya kupulizia maji na kitambaa kwenye buti. Nalowesha kitambaa, nakilaza juu ya kinyesi dakika chache mpaka kilainike, halafu nakiinua pamoja nacho. Sikwangui kwa kucha, na sipangusi kikiwa kikavu, kwa sababu huwa kina punje za mchanga na mbegu ndani.

Kijana wa Kuosha, Roysambu

Wakubwa, mimi kazi yangu ni kuosha magari na nimefurahi kuona watu wanauliza. Acha niseme yanayotokea mkiwa mmeketi pale mkinywa chai.

Jumamosi foleni ni ndefu na tunalipwa kwa gari. Kila mtu anataka amalize achukue lingine. Kwa hiyo sponji iliyosugua rimu na matope ya chini ya milango ndiyo hiyohiyo inayopanda kwenye boneti. Ikianguka kwenye saruji inaokotwa, inachovywa, inaendelea. Ndoo ni moja na maji yake yanakuwa kahawia. Sabuni mara nyingi ni ya unga, ile ya nguo, ambayo inatoa mafuta yote hata waksi uliyopaka jana. Sisemi haya kuwachafua wenzangu. Ukilipa mia tatu na umesimama juu ya kichwa cha mtu ukimwambia ana dakika kumi, hicho ndicho utakachopata.

Njooni Jumanne au Jumatano asubuhi. Yuleyule kijana atakuosha gari kwa nusu saa akiwa ametulia. Mwambie aanze na mashine ya presha peke yake, bila mkono kugusa, aanzie juu ateremke, mpaka vumbi na matope yanayoweza kutoka yatoke. Mdomo wa mashine usisogezwe karibu, hasa mahali rangi ilipokwisha pasuka kwa kokoto, kwa sababu maji yataingia chini ya ufa na kuinua rangi. Kisha povu, likae kidogo bila kukaukia, lisuuzwe. Hapo sasa ndipo mkono uguse.

Wateja wangu wanaojali huja na vitu vyao: ndoo mbili, glavu ya manyoya ya kuoshea, taulo mbili za maikrofaiba, na shampuu ya gari. Ndoo moja ina shampuu, nyingine maji matupu. Unaosha kipande kimoja, unasuuza glavu kwenye maji matupu, ndipo unarudi kwenye shampuu. Ukimaliza angalia chini ya ile ndoo ya maji matupu. Mchanga utakaouona pale ungekuwa umesuguliwa kwenye milango yako. Tairi na rimu zina kitambaa chao na hakipandi juu kamwe. Chini ya milango ni mwisho.

Na jambo moja ambalo watu wanaliagiza wenyewe: kupuliziwa dizeli chini ya gari na kwenye injini ili ving'ae. Vinang'aa, ndiyo, lakini dizeli inakula mipira, na vumbi linanata juu yake kuliko mwanzo. Mteja akiniomba namweleza kwanza. Wengi wakielewa wanaacha.

Mkazi wa Donholm

Kijana, ubarikiwe. Hii ya Jumanne sikuwahi kuifikiria. Sasa swali: kwetu maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, na niko ghorofa ya nne. Ndoo mbili na mashine nitatoa wapi?

Jirani wa Pipeline

Mimi niko ghorofa ya sita, kwa hiyo nakuelewa. Kuna shampuu ambazo hazihitaji kusuuzwa, unachanganya kifuniko tu kwenye ndoo. Nashuka na mtungi mmoja wa lita 20 na haujawahi kuniishia. Nagawanya: chupa ya kupulizia nalowesha nayo gari kipande kwa kipande, ndoo nachovyea taulo. Taulo naikunja mara mbili, iwe robo, ili nipate sura nane safi, kila nikipangusa kipande nageuza. Sirudishi sura iliyochafuka kwenye rangi.

Ila nikwambie ukweli, hii ni ya vumbi. Ukitoka kwenye tope la udongo mweusi siku za mvua, tafuta presha kwanza. Lile tope lina punje, na hakuna shampuu itakayokulinda ukilisugua.

Mzee wa Syokimau

Vijana mmesema vizuri. Niongeze la maji yenyewe. Kwetu tunategemea visima, na maji yana chumvichumvi. Unaosha gari linapendeza, likikauka juani linajaa madoa meupe ya duara. Hayo ni madini yaliyobaki maji yakishapotea hewani. Ukiyaacha wiki kadhaa yanajichimbia kwenye klia.

Dawa yangu ni ya bei nafuu. Naosha saa kumi na mbili na nusu asubuhi boneti ikiwa baridi. Nakausha kipande kabla sijaenda kingine, kwa kulaza taulo na kuivuta polepole. Maji ya mwisho ya kusuuza ni ya mvua, tunayavuna kwenye tangi kutoka mabati. Madoa mapya yakitokea, siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huyatoa, kisha nasuuza hapohapo. Ya zamani yanahitaji fundi.

Shabiki wa Kava

Tahadhari ya haraka: kava la gari juu ya gari lenye vumbi ni msasa. Upepo wa Agosti ulilitikisa la jirani yangu usiku kucha, kona zote za bampa zikapauka. Kava ni kwa gari safi na kavu, au usiweke kabisa.

Fundi wa Rangi, Grogan

Nimesoma yote. Watu wanakuja kwangu wameambiwa gari jipya lisipakwe waksi miezi mitatu. Hiyo ni kweli kwa rangi iliyopigwa gereji, kwa sababu tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, inaendelea kutoka ndani kwa wiki nyingi, na ukiifunika mapema unaifungia. Ngoja siku 30 hadi 90 kulingana na maelezo ya rangi. Ya kiwandani imeokwa kwa joto la nyuzi 140 hivi na ilikauka kabla gari halijapanda meli. Hiyo unaweza kuilinda siku ya kwanza.

Mkubwa wa Donholm, kwa kuwa lako limetoka Japani, hakikisha kwanza kama hakuna mlango uliopigwa rangi huko. Kipimo cha unene kitakuonyesha. Kama paa linasoma 110 na mlango unasoma 260, mlango umerudiwa. Usimruhusu mtu kuweka mashine ya polishi bila kupima, hasa kwenye kingo na kona, ndipo klia ni nyembamba zaidi.

Kuhusu seramiki, ile dawa ya maji inayopakwa juu ya klia ikakauka kuwa kinga: ni kitu kizuri. Maji yanateleza, uchafu haushiki, kuosha kunakuwa kwepesi kwa miaka, si miezi. Lakini haizuii kokoto za malori, na haizuii mikwaruzo ya kitambaa kichafu. Ile 9H wanayokutajia ni kipimo cha ugumu wa penseli, msije mkadhani rangi imekuwa jiwe. Kokoto huzuiwa na filamu nene ya kulinda rangi, na inatosha kuiweka kwenye boneti na bampa ya mbele. Mfuko ukiwa mdogo, waksi nzuri kila baada ya miezi mitatu inafanya kazi ya heshima.

Vyovyote utakavyochagua, rangi iwe safi kabisa kwanza. Osha, kausha, halafu vaa karatasi ya mkate, ile ya plastiki, mkononi na upitishe vidole taratibu. Ukihisi mchele mchele, kuna chembe za chuma na uchafu uliojishika. Dawa ya kutoa chuma hugeuka zambarau ikikutana nazo. Zilizobaki toa kwa klei, ule udongo laini wa kunata wa kusafishia rangi.

Mkazi wa Donholm

Nimejaribu ile ya karatasi ya mkate sasa hivi kwenye maegesho. Paa ni laini, boneti ni mchele mtupu. Fundi, klei naweza kufanya mwenyewe?

Fundi wa Rangi, Grogan

Unaweza. Fanyia kivulini, rangi ikiwa imelowa shampuu muda wote, usiibonyeze, na kila baada ya kipande ikande upate upande safi. Ikianguka chini itupe, hata kama ni mpya. Ukimaliza boneti pitisha karatasi tena. Ikiteleza, paka waksi siku hiyohiyo, kwa sababu klei imeondoa kinga yote iliyokuwapo.