Wiketi za Barnes kule Staffordshire: zihesabiwe au ziachwe zilipo?

Mlinda Wiketi (mwanzisha mada)

Kabla hamjanirukia: kaunti ninazozitaja hapa si zile 47 zenye magavana. Ni kaunti za Uingereza, ambazo kwenye kriketi ziko mafungu mawili. Kuna kubwa, leo 18, ambazo mechi zao za siku nyingi huitwa za daraja la kwanza. Halafu kuna ndogo, kama Staffordshire, Norfolk, Devon, Shropshire na Bedfordshire, zenye ubingwa wao tangu 1895. Siku hizi zimeacha kujiita ndogo, zinajiita kaunti za kitaifa. Jina limependeza, ukuta uko palepale.

Kisa chenyewe ni cha Sydney Barnes, mzaliwa wa Smethwick, 1873. Aliichezea England mechi 27 za Testi, yaani za kimataifa za siku nyingi, kati ya 1901 na 1914, akaangusha wiketi 189 kwa wastani wa mikimbio 16.43 kwa kila moja. Kwenye viwango vya ICC, baraza la kriketi la kimataifa, alifika pointi 932, na hakuna mrushaji wa Testi aliyezifikia mpaka leo. Sasa fungua ukurasa wake wa daraja la kwanza: wiketi 719. Wilfred Rhodes, aliyekuwa naye kikosi kimoja cha England, ana 4,204. Mtoto anayejifunza mchezo leo akizitazama namba hizo mbili atadhani Barnes alikuwa mtu wa kupita tu.

Ukweli ni kwamba miaka yake mingi ilikwenda Staffordshire: 1904 hadi 1914, kisha 1924 hadi 1935. Huko aliangusha wiketi zaidi ya 1,400, kila moja ikimgharimu mikimbio 8 na ushee. Zimeandikwa, mechi kwa mechi. Lakini kwenye jumla yake rasmi zinahesabiwa sifuri.

Mimi nasema zihesabiwe. Na hoja yangu ya kwanza ni hesabu ya darasa la nne. Alipoondoka Lancashire, kaunti kubwa, mwisho wa msimu wa 1903 alikuwa na wiketi 26 za Testi. Zilizobaki 163 alizichukua akiwa mtu wa Staffordshire. England ilikuwa ikimtoa kaunti ndogo, inampandisha meli hadi Melbourne au Johannesburg, anawalaza wapigaji bora duniani, kisha anarudi kwenye mechi ambazo "hazipo". Mnielezee.

Mzee wa Ngara

Mwanangu, polepole. Nimeufuata mchezo huu tangu enzi ambazo Nairobi ukipita viwanja vya Wahindi Jumapili hukosi kuona watu wamevaa nyeupe, na Barnes simpunguzii hata chembe. Mwaka 1911 pale Melbourne alifungua mechi kwa ova 5, kila moja mirusho sita, akatoa mkimbio 1, akaangusha wiketi 4. Huyo si wa kubishaniwa.

Lakini wewe umeitaja namba iliyokuangusha mwenyewe. Kwenye Testi kila wiketi ilimgharimu 16. Staffordshire, 8. Mrushaji ni yuleyule, mkono ni uleule. Kilichobadilika ni nani? Ni yule aliyesimama mbele yake na gongo. Kule alikuwa akikabiliana na mwalimu wa shule, padre, mwana wa mwenye shamba aliyepata nafasi wiki ile. Ukizichanganya wiketi hizo na za Rhodes umechanganya mchele na pumba, halafu unamwita mpishi aonje.

Tena kuna kanuni. Mwaka 1947 baraza la kimataifa la wakati ule liliandika kwamba mechi ya daraja la kwanza ni ya siku tatu au zaidi, kati ya timu mbili zilizokubaliwa rasmi kuwa za kiwango hicho. Staffordshire ya Barnes ilicheza mechi za siku mbili. Hata ukitaka kuzipenyeza kwa dirisha, dirisha ni dogo.

Mgeni wa Kriketi

Samahani jamani, wiketi "inaangushwa" vipi? Mimi mtu wa kandanda.

Leicester Baridi

Karibu. Nyuma ya mpigaji kuna vijiti vitatu. Mrushaji akivigonga, au mpira uliopigwa ukidakwa kabla haujagusa ardhi, mpigaji anatoka. Huko kutoka ndiko kuanguka kwa wiketi. Kuna njia nyingine kadhaa za kutoka, ila hizo mbili zinakutosha leo. Mikimbio ni kama mabao, ila ni mengi. Mrushaji mzuri huangusha wiketi nyingi na kuruhusu mikimbio michache.

Binti Tanga

Mzee, shikamoo. Kanuni ya 1947 imetungwa Barnes akiwa na miaka 74, amekwishaanika viatu zamani. Kwa hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mechi zake, wala za Rhodes. Kama hadhi inaweza kutolewa kwa kurudi nyuma, basi njia ipo.

Na njia imetumika. Marekani, Desemba 2020, wasimamizi wa besiboli walitangaza kwamba ligi za wachezaji weusi za zama za ubaguzi ni ligi kuu sawa na nyingine. Mwaka 2024 takwimu zikaunganishwa, na Josh Gibson, ambaye hakuruhusiwa kucheza mechi hata moja ya ligi ya Wazungu, akampita Ty Cobb, aliyekuwa akishikilia rekodi, kwa wastani wa kupiga wa maisha, .372. Hata ndani ya kriketi yenyewe, Afrika Kusini, mechi za bodi ya waliobaguliwa zilikuja kupewa daraja la kwanza miaka mingi baada ya kuchezwa. Hakuna aliyesema dirisha ni dogo.

Mzee wa Ngara

Marahaba binti yangu. Mfano mzuri, lakini umeuleta mahali pasipo pake, na nadhani ukitulia utaliona hilo kabla yangu.

Gibson alifungiwa mlango. Wale wa Afrika Kusini walifungiwa mlango na sheria, polisi wakiwa wamesimama nje. Barnes? Lancashire walikuwa wakimtaka! Mwaka 1903 aliwaangushia wiketi zaidi ya 100, wakabishana masharti, akafunga mfuko wake akaondoka. Alijitoa kwa miguu yake. Kumrekebishia rekodi aliyedhulumiwa ni haki. Kumrekebishia aliyechagua ni upendeleo, na naona haya kuviweka kwenye kapu moja.

Binti Tanga

Hapo umenibana. Afrika Kusini naiondoa, na Gibson pia. La kurudi nyuma silitoi.

Leicester Baridi

Mzee, neno "alichagua" nalo tulichambue, maana mimi hapa nafanya kazi ya zamu na najua machaguo ya mtu wa mshahara yanavyokuwa.

Mcheza kriketi wa kulipwa wa 1903 alifanya kazi siku sita kwa wiki msimu mzima, akirusha mpira kwa amri ya nahodha ambaye mara nyingi alikuwa bwana mkubwa asiyelipwa na anayeingilia mlango tofauti uwanjani. Majira ya baridi yakija, shauri yake. Bega likiharibika, shauri yake vilevile. Sasa upande wa pili: klabu ya ligi inamlipa vizuri kwa mechi ya Jumamosi moja, na katikati ya wiki ana kazi ya ukarani mwaka mzima. Barnes alipiga hesabu. Kumbukeni kwamba hata Archie MacLaren, nahodha wa England, alipomchukua kwenda Australia mwaka 1901 alimtoa ligi, klabu ya Burnley, akiwa na mechi chache mno za daraja la kwanza. Watu walimshangaa MacLaren. Kisha Barnes akaangusha wiketi 19 katika Testi mbili za mwanzo, na goti likamzuia asiendelee.

Kwa hiyo tukisema "hakutaka daraja la kwanza", tuseme na daraja lenyewe lilikuwa likitoa nini.

Ila Mzee, usifurahi wala usinune, kwa sababu sikubaliani na Mlinda Wiketi pia. Mimi wikendi za kiangazi huwa naenda kuangalia kaunti hizi ndogo. Kiti cha kukunja, chupa ya chai, watu hamsini na mbwa wawili. Uzuri wake ni kwamba kijana anayepanda anakutana na mkongwe anayeshuka. Bill Edrich alianzia Norfolk kabla ya Middlesex na England, na alipostaafu akarudi Norfolk, akacheza mpaka umri wa miaka hamsini na kitu. Bob Taylor na David Steele, waliokuja kuichezea England, walipitia Staffordshire. Ukianza kuzihesabu mechi hizi kama daraja la kwanza, watakuja watu wa mikataba, wale hamsini watalipishwa kiingilio, na yule mwalimu hatapata tena nafasi.

Mlinda Wiketi

Leicester, wewe unatetea kiti chako cha kukunja. Sawa, nakielewa.

Turudi kwa Mzee na mchele wake. Kama kigezo ni ubora wa wapigaji, basi kitumike kwa wote. Oxford na Cambridge, wanafunzi wa vyuo vikuu, walipambana karibu kila mwaka na mechi yao ikahesabiwa daraja la kwanza tangu 1827 mpaka 2020! Kaunti kubwa zilikuwa zikienda kuwafunga wanafunzi hao mwezi wa Aprili, na mtu akipiga mikimbio mia yake kwenye baridi dhidi ya mvulana anayewaza mtihani wa kemia, mia hiyo inaingia vitabuni. Pumba au mchele?

Halafu hili la shati. Kaunti ndogo zilikuwa zikiunda timu ya pamoja kupambana na wageni wanaozuru. Mechi hiyo ni daraja la kwanza. Mwaka 1929, Barnes ana miaka 56, akavaa shati la timu ya pamoja dhidi ya Afrika Kusini na kuchukua wiketi 8 kwa mikimbio 41. Hizo zimo ndani ya zile 719. Wiki inayofuata anavaa shati la Staffordshire, mwili uleule, zinapotea.

Na Michael Falcon, mtu wa Norfolk maisha yake yote na mbunge juu yake, mwaka 1921 pale Eastbourne MacLaren alimwita kwenye kikosi chake cha wasiolipwa dhidi ya Waaustralia ambao hawakuwa wamefungwa na mtu. Zamu ya kwanza ya kupiga, kikosi cha MacLaren kikatolewa chote kwa mikimbio 43. Falcon akaangusha wiketi 6 kwa mikimbio 67, na mwisho wakashinda kwa mikimbio 28. Imehesabiwa, kwa kuwa walioamua hadhi ya mechi waliipenda. Hiyo ndiyo kanuni halisi, Mzee: kupendwa.

Na nyumbani je? Kombe la Dunia 1975, Afrika Mashariki ilikwenda Uingereza na watu wa wikendi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Glenn Turner wa New Zealand akatupiga mikimbio 171 bila kutoka. Tukafungwa zote tatu. Frasat Ali alipiga 45 katika mechi ile ya New Zealand, na zimo kwenye rekodi za kimataifa daima. Nafurahi zimo. Lakini basi tusiseme kitabu kinapokea bora tu.

Mzee wa Ngara

Umenigusa kwenye 1975, ulijua utanigusa. John Nagenda aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa Uganda alicheza mechi moja kwenye kombe lile. Sitaki aondolewe.

La wanafunzi nalikubali. Ilikuwa aibu na imefutwa kwa kuchelewa. Lakini kosa la kuwaingiza wasiostahili halitibiwi kwa kuwaingiza wengine. Na ukiingiza Staffordshire ya 1906 utaiacha vipi Cornwall? Utaiacha vipi Durham? Durham ilikuwa ndogo mpaka 1991. Ilipopanda 1992 ilikuwa ya kwanza kupanda tangu Glamorgan mwaka 1921. Ikaja kuwa bingwa 2008, 2009 na 2013. Wao walijenga uwanja, wakaajiri, wakaumia. Mwaka 2016 waliokolewa kwa fedha za bodi ya kriketi ya England, wakaadhibiwa kwa kushushwa kundi la pili la kaunti hizohizo kubwa. Walilipia hadhi ile. Hawakuomba historia yao ya nyuma ipakwe rangi.

Binti Tanga

Lakini Mzee, Durham ilipoifunga Yorkshire 1973, kaunti ndogo ya kwanza kumfunga mkubwa kwenye kombe la siku moja, mechi ile imo kwenye rekodi rasmi za siku moja. Durham ni ndogo, wapigaji ni wa wikendi, na imehesabiwa kwa sababu upande wa pili walikuwa wakubwa. Kwa hiyo mkulima aliyecheza kombe lile ana ukurasa rasmi kwa kazi ya kaunti yake ndogo. Barnes hana.

Mimi napendekeza safu ya pili. Acha 719 ilipo. Pembeni yake, ukurasa uleule, iandikwe: kaunti ndogo, wiketi kadhaa, wastani kadhaa. Anayetaka kujumlisha ajumlishe. Asiyetaka, aache. Kinachoniudhi mimi ni kwamba ukurasa wa kawaida unamwonyesha kana kwamba kati ya 1904 na 1935 alikuwa amelala.

Mgeni wa Kriketi

Na kumbe alikuwa karani tu? Alikula wapi uzeeni?

Leicester Baridi

Karani wa serikali ya kaunti ya Staffordshire, mwenye mwandiko wa ajabu. Mwaka 1957 Malkia Elizabeth alipozuru Stafford, hati ya ukumbusho aliyopewa iliandikwa kwa mkono wa Barnes, mzee wa miaka 84. Alifariki siku moja baada ya Krismasi 1967.

Mzee wa Ngara

Safu ya pili naikubali, kwa sharti moja. Mkiandika wiketi zote zile za Barnes, mwandikeni na yule padre kwa jina lake, aliyetoka kwa sifuri zamu zote mbili za mechi. Kitabu kisimbebe mkubwa kikamwacha aliyempa namba.

Mlinda Wiketi

Aandikwe. Mimi ningekuwa mjukuu wake, ningeikata karatasi hiyo nikaitundika sebuleni.

Mzee wa Ngara

Na zihesabiwe kando. Kando, nimesema.