Jina na jinsi kwenye kitambulisho cha taifa havilingani na cheti cha kuzaliwa: nianzie wapi?

BintiMbagala
Ndugu zangu, habari za kutwa. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Mwanahawa, jinsi ya kike, na vyeti vya shule ni hivyo hivyo. Kitambulisho cha taifa, ambacho fomu yake nilijaziwa na kijana aliyekuwa akiwasaidia watu foleni, kinasema Hawa, na mahali pa jinsi pameandikwa ME. Mwajiri mpya hataki kunipokea mpaka taarifa zilingane. Wapo wanaonishauri nitengeneze hati ya kubadili jina, na wapo wanaosema kiapo kinatosha. Nifuate lipi?

KaraniMstaafu
Dada, kabla hujamlipa wakili, tofautisha kubadili jina na kusahihisha jina. Hati ya kubadili jina, ambayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117 ya Sheria za Tanzania, ni ya mtu anayeacha jina moja na kushika jingine. Ukiitumia wewe, utakuwa umekiri kwa maandishi kwamba jina lako lilikuwa Hawa, na hapo vyeti vya shule ndivyo vitakavyoanza kutiliwa shaka. Wewe jina hujaliacha. Nenda ofisi ya wilaya yako ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kiapo kinachoeleza kwamba Hawa na Mwanahawa ni mtu mmoja, kisha uombe jina na jinsi virekebishwe kwa pamoja. Shukuru kwamba tarehe ya kuzaliwa haikukosewa, maana tarakimu nane za mwanzo katika zile 20 za namba yako ni tarehe hiyo.

MpangajiIlala
Naongeza jambo moja. Usiguse benki, mfuko wa hifadhi ya jamii wala pasipoti kabla ya NIDA kukamilika, kwa sababu huko kote hutazama rekodi ile ile. Hata laini za simu, tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, jina lake linatoka huko.

Msomaji_Upanga
Samahani kwa kuingilia. Na aliyebadili jinsia, si aliyekosewa na karani, ana njia gani?

KaraniMstaafu
Kwa sheria zetu, kinachozungumziwa ni kusahihisha kosa lililoingia kwenye rekodi. Utaratibu wa kubadili jinsi kwa sababu hiyo haumo. Jina anaweza kulibadili kwa hati niliyoitaja, lakini alama ya jinsi itabaki ilivyo. Kwa jirani zetu Kenya, mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpatie Audrey Mbugua, aliyebadili jinsia, cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsi. Uamuzi ule ulihusu cheti cha mtihani, na hauzifungi mikono mahakama za hapa. Wakili anaweza tu kuutaja kama hoja ya kushawishi.

BintiMbagala
Nashukuru sana, mzee wangu. Cheti changu kilitolewa Lindi. Wakitaka kihakikiwe, itanilazimu kusafiri?

KaraniMstaafu
Hapana. Uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa huombwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwa njia ya mtandao, popote ulipo. Piga picha ya cheti iliyo wazi, namba ya ingizo isomeke, maana hiyo ndiyo wanayoitafutia kwenye daftari.