Naomba ushauri: natafakari Neno kila alfajiri, lakini moyo bado uko kwenye pesa

Mtafutaji wa Rukwa
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nina duka la nafaka hapa Sumbawanga mjini. Tangu Januari naamka saa kumi na moja alfajiri kusoma Mithali, sura moja kwa siku kufuata tarehe, kwa kuwa ziko 31. Shabaha yangu ni ile ya 1 Timotheo 6:6, utauwa pamoja na kuridhika. Lakini nikifunga Biblia tu, akili inaanza kuhesabu magunia. Na kuna siku sura haiingii kabisa. Mwezi huu ilikuwa tarehe 11, 16 na 20: macho yanapita juu juu, nashtukia niko kwenye sura ya kesho.
Nimeamua kufunga duka, akiba yote niitoe kwa kazi ya Mungu, nibaki na Neno. Hilo la duka nimeshaliamua, sihitaji ushauri. Naomba mnielekeze namna ya kutafakari: nisome wapi, kwa muda gani, nifanye nini nikishasoma.

Msomaji wa Zaburi
Amina. Sura nzima ni nyingi mno, mpendwa. Sura za Mithali unazozitaja zina aya thelathini hivi kila moja, na karibu kila aya ni wazo linalojitegemea. Ni kama kumeza mahindi mazima. Chukua aya moja, zikizidi sana tatu.
Neno la Kiebrania lililotafsiriwa kutafakari katika Yoshua 1:8 na Zaburi 1:2 ni *hagah*, kunong'ona, kutamka kwa sauti ya chini. Isaya 31:4 neno hilohilo ni la simba anayenguruma juu ya windo lake. Kwa hiyo midomo ifanye kazi. Anza na dakika tano za kimya. Soma aya mara mbili kwa sauti, mara ya tatu iandike kwa mkono kwenye daftari. Jiulize: inanionyesha nini kuhusu Mungu, na leo inagusa kitu gani mikononi mwangu? Kisha igeuze iwe sala kwa maneno yake yenyewe. Dakika 25 zinatosha. Mwisho nakili kipande kwenye karatasi ukiweke ndani ya droo ya pesa, kila ukitoa chenji ukione. Jioni, dakika tano: wapi nilikitii, wapi nilikipita?
Yanayoharibu: simu mezani, kusoma ukitafuta la kuwafundisha wengine, na kupima siku kwa hisia. Na baridi hiyo ya Ufipa mwezi wa sita, usitafakari ndani ya blanketi, utaishia kutafakari usingizi. Kaa kitini.
Ukizoea, hamia Zaburi 119. Ina aya 176, mafungu 22 ya aya nane nane. Fungu moja kwa siku. Aya ya 36 na ya 72 zimekaa juu ya tatizo lako hasa.

Katekista Mstaafu
Tumsifu Yesu Kristo. Nyongeza kidogo. Guigo wa Pili, mmonaki Mkartusi wa karne ya 12, alizipanga ngazi nne: kusoma, kutafakari, kusali, kumtazama Mungu. Akafananisha na kula: kusoma ni kutia chakula mdomoni, kutafakari ni kutafuna, sala ni kupata ladha, na ngazi ya nne ni utamu wenyewe. Wengi wanakwama kwenye ya kwanza.
Lakini fadhila haiji kwa kusoma peke yake, ni tabia inayojengwa kwa kutenda. Fadhila za kiutu zilizo bawaba ya nyingine ni busara, haki, nguvu na kiasi. Wiki moja, fadhila moja, tendo moja linaloonekana. Wiki ya kiasi, kwa mfano, kuna kitu ulichokuwa ununue na hukukinunua, na pesa yake imefika kwa mwenye shida kabla ya Jumapili. Wiki ya haki, kila mtu apate kilicho chake.

Sauti Nyikani
Barikiwa sana mtumishi! Siku hizi ni panda mbegu uvune gari, wewe umechagua fungu lililo jema. Antoni wa Misri, yule mmonaki wa kale, aliingia kanisani akakuta inasomwa Injili ya Mathayo, maneno ya 19:21, akatoka akagawa arura 300 (kipimo cha ardhi cha Misri ya kale) za ardhi njema aliyorithi. Uza duka, usiangalie nyuma kama mke wa Lutu.

Mama Tumaini
Huyo Antoni alikuwa na dada mdogo yatima mwenzake. Alipouza vitu vya nyumbani alimbakizia dada kitu kidogo, na kabla ya kwenda upwekeni alimkabidhi kwa mabikira waaminifu wamlee. Hicho kipande huwa hakihubiriwi.
Mwanangu, 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Na sura ya 6 aya ya 17 na 18 haiwaambii matajiri wafunge maduka. Inawaambia wasijivune, wawe tayari kutoa. Una mke? Watoto? Deni? Na kwa nini hutaki duka liguswe kwenye mazungumzo?

Mtafutaji wa Rukwa
Mke yupo, watoto wawili. Watabaki na shamba la ekari tatu. Deni sina. Akiba nimeahidi mbele ya kanisa: shilingi milioni sita za mabati, mbili nimeshatoa. Mhubiri 5:4 inasema ukiweka nadhiri usikawie kuiondoa, kwa hiyo sirudi nyuma. Niliomba utaratibu wa kutafakari tu, na ndugu Msomaji amenisaidia sana.

Fundi Mizani
Naomba kuuliza kabla hujaondoka. Umesema sura za tarehe 11, 16 na 20 haziingii. Nimezifungua. 11:1, mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA. 16:11, kipimo na mizani za haki. 20:10 na 20:23, vipimo visivyo sawasawa. Siku zako tatu ndizo siku za mizani. Mahindi yako unayanunuaje kijijini?

Mtafutaji wa Rukwa
Hiyo imetokea tu. Nanunua kwa debe kama wanunuzi wote. Biashara ya mazao inajulikana.

Mama Tumaini
Hujajibu. Debe lipi?

Mtafutaji wa Rukwa
Sawa. Debe la kununulia limetanuliwa. La kuuzia ni lingine. Nimelitumia misimu mitatu. Ndiyo maana nataka kutoka kabisa kwenye hii kazi! Pesa ile siitaki, naipeleka kwa Mungu. Kuna ubaya gani ikawa paa la nyumba yake?

Kengele
Wakuu, uzi umetungwa huu. Tarehe tatu, aya za mizani zimekaa humo humo, halafu anatokea "fundi" anagundua. Mtu aliyesoma Mithali tangu Januari hajawahi kuiona 11:1, na ndiyo aya ya kwanza ya sura? Mnamshauri mtunzi wa mahubiri ya Jumapili.

Sauti Nyikani
Hata mimi naanza kusita.

Fundi Mizani
Kuna njia ya kujua. Ndugu Mtafutaji, debe linatanuliwaje, na linajulikana kwa nini?

Mtafutaji wa Rukwa
Linalazwa juu ya kiroba cha mchanga, linagongwa kwa ndani na jiwe la mviringo, ubavu mmoja baada ya mwingine, mwisho kitako. Ukingo wa juu na pembe nne haziguswi, kwa hiyo ukilitazama kwa mbele liko sawa. Kasoro ni kitako: sakafuni linayumba. Ndiyo maana hupimi sakafuni. Unapimia juu ya turubai, penye mahindi yaliyomwagika, linajikalia.
Na 11:1 niliiona, ndugu Kengele. Niliiona Januari. Tangu hapo nikifika hapo navuka.

Fundi Mizani
Kuyumba kwa kitako hakusimuliwi na mtu ambaye hajalishika. Kwangu mimi hayo yanatosha.
Sasa lipime. Chukua chupa ya lita moja, mimina maji ukihesabu. Debe zima linajaa kwa lita 20. Lako limeingia ngapi?

Mtafutaji wa Rukwa
Lita 22.

Fundi Mizani
Basi umechukua sehemu moja ya kumi juu ya kila debe. Kwa mahindi makavu, lita mbili ni kama kilo moja na nusu. Umenunua madebe mangapi?

Mtafutaji wa Rukwa
Daftari linasema 900 kwa misimu yote mitatu. Wakulima 41.

Katekista Mstaafu
Kilo 1,350. Hesabu 5:7 inataka kilichochukuliwa kirudi chote, na juu yake sehemu ya tano: kilo 270. Jumla 1,620. Zakayo, mtoza ushuru wa Luka 19, alisema atarudisha mara nne, hiyo ingekuwa kilo 5,400, lakini aliitamka mwenyewe kwa furaha, hakulazimishwa. Anza na torati.

Sauti Nyikani
Tuko chini ya neema. Damu ya Yesu imefuta, atubu aendelee.

Katekista Mstaafu
Luka 19 ni Agano Jipya. Dhambi inasamehewa, mahindi bado ni ya mwenye shamba. Na Mathayo 5:23-24 inaligusa paa moja kwa moja: iache sadaka mbele ya madhabahu, nenda kwanza ukapatane na ndugu yako. Nadhiri huwekwa kwa mali yako, na sehemu ya hizo milioni ni ya watu 41. Mwendee mchungaji umweleze, ahadi isimame mpaka urejesho uishe.

Kengele
Bado sijashawishika, lakini hesabu ya maji nimeipenda.

Mtafutaji wa Rukwa
Naandika huku mkono unatetemeka. Kati ya hao 41, wawili wamefariki. Mwingine ni mama mjane, alihama, hakuna anayejua ndugu zake. Na nirudishe pesa au mahindi?

Katekista Mstaafu
Waliofariki, wape warithi wao. Kwa yule asiye na ndugu, Hesabu 5:8 imeshajibu: ikiwa hakuna jamaa wa kurudishiwa, inakuwa ya BWANA. Mtafute kwanza kwa bidii, ulizia kwa mwenyekiti wa kijiji alikotoka. Asipopatikana, hiyo ndiyo inayoweza kwenda kwenye mabati.

Mama Tumaini
Mwambie mkeo leo, kabla ya mchungaji. Kijijini usiende peke yako, nenda na mzee wa kanisa. Na duka usilifunge. Waefeso 4:28 haimwambii mwizi aache tu kuiba. Anaambiwa afanye kazi kwa mikono yake apate cha kumgawia mhitaji. Utagawa nini ukiwa umefunga?

Msomaji wa Zaburi
Na Mithali usiende tena kwa tarehe. Kaa na 11:1 peke yake siku saba, kisha Walawi 19:35-36 siku saba. Iandike kila asubuhi. Karatasi ya droo ibandike kwenye debe.

Fundi Mizani
Rudisha mahindi. Ukipeleka pesa mtabishana bei, ya wakati wa mavuno au ya sasa, na wewe ndiye utakayeipanga tena. Nenda na mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, stika yake ya mwaka huu ionekane. Iweke kwenye ardhi tambarare, mkulima asome namba mwenyewe, atie sahihi au dole gumba kwenye daftari lako mbele ya jina lake. Lile debe usiliuze chuma chakavu, mtu atalinyoosha alitumie. Litoboe kitako.